Umemaliza, Umehitimu au Umeishia?

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka tuzungumze juu ya neno moja ambalo kila mmoja wetu amewahi kulitamka, na pengine amelitamka leo asubuhi. Neno lenyewe ni kumaliza. Sisemi kumaliza chakula, wala kumaliza kazi. Nasema kumaliza shule.

Najua wapo watakaosema, "Mzee huyu naye! Kumaliza si kumaliza tu?" La hasha. Neno hili na ndugu zake, yaani kuhitimu, kufaulu, kufuzu na kuishia, hayana maana moja. Na ukilitafsiri vibaya kwa Kiingereza linaweza kumkosesha mtu riziki. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na ndicho kisa changu cha leo.

Mwaka 2022 nilikuwa na safari ya Uchindile. Kwa wale wasiopajua, Uchindile ni kata ya Wilaya ya Kilombero, mkoani Morogoro, lakini ukifika huko utadhani umekwisha kuingia Iringa au Njombe. Ukisafiri kwa treni ya TAZARA unapita bondeni kwenye mpunga, Ifakara, Mngeta, Chita mpaka Mlimba, na njia nzima jasho linakutiririka. Treni ikishatoka Mlimba huanza kupanda milima. Inaingia handaki hili, inatoka, inaingia jingine. Giza, mwanga, giza tena. Na kila ukitoka gizani unakuta hewa imepoa kidogo. Huko juu huoni tena mpunga. Unaona mipaina na mikaratusi, imepandwa kwa mistari mpaka upeo wa macho.

Nilipomaliza shughuli zangu nilirudi stesheni kusubiri treni ya kurudi. Treni ikachelewa, kama mjuavyo. Nikaketi kwenye kibanda cha mama lishe nikaagiza chai na chapati. Mara akaja kijana mmoja, akanisalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Samahani mzee, sauti yako naifahamu. Wewe si yule wa redioni, wa mambo ya lugha?"

Nikakiri kuwa ndiye. Kijana akafurahi, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaniambia, "Basi naomba unisomee barua hii. Niambie kosa langu ni nini."

Ilikuwa nakala ya barua ya kuomba kazi. Alikuwa ameomba ukarani wa kuandika mahudhurio ya vibarua katika shughuli za kupanda miti. Tangazo lilitaka mtu wa kidato cha nne mwenye hati nzuri na anayejua hesabu. Kijana alikuwa na cheti cha kidato cha nne, Daraja la Nne, na hesabu alikuwa amefaulu. Kwa hiyo sifa zote anazo. Barua aliiandika kwa Kiingereza akiamini kuwa Kiingereza kitampa uzito zaidi. Na sentensi yake ya kwanza ilisema: "I am a graduate."

Alipoitwa kuonyesha vyeti, aliyempokea alimwambia, "Weka cheti cha chuo mezani." Kijana akasema hana cha chuo, anacho cha kidato cha nne. Akaulizwa, "Hapa umeandika wewe ni graduate. Kiko wapi cheti cha digrii?" Kijana akajaribu kueleza kuwa alikuwa na maana kwamba amemaliza fomu foo. Hakusikilizwa. Akaambiwa ameandika uongo, na mtu anayeanza kazi kwa uongo ataandika na vibarua hewa. Akarudishiwa karatasi zake.

Ndugu wasikilizaji, kijana yule hakuwa mwongo. Alikuwa amefungua kamusi, akatafuta neno "kuhitimu", akakuta "graduate". Kwa nini basi asiandike?

Hebu kwanza tutazame hilo neno la Kiingereza. Asili yake ni neno la Kilatini, gradus, maana yake hatua au daraja. Zamani chuo kikuu ndicho kilichompandisha mtu daraja, kikamtunuku shahada. Kwa hiyo Waingereza na Wamarekani wa zamani walisema fulani "was graduated", yaani amepandishwa daraja na chuo. Baadaye mtu mwenyewe akawa ndiye mtenda, wakasema "he graduated from" chuo fulani. Na siku hizi Wamarekani wengi, hasa katika mazungumzo, wanaliacha hata hilo "from" na kusema tu "he graduated college". Walimu wengi wa Kiingereza hulikataa hilo, na katika barua rasmi ni busara kuliepuka. Andika "graduated from".

Lakini shida ya kijana wetu haikuwa "from". Shida yake ilikuwa kwamba neno hilo lina nchi mbili. Marekani, mtoto akimaliza sekondari husemwa ame-"graduate", na hakuna atakayeshangaa. Uingereza, kwa desturi, "graduate" ni mtu wa chuo kikuu, mwenye shahada. Na Kiingereza cha ofisini kwetu Tanzania tulikirithi kwa Mwingereza. Ndiyo maana matangazo ya kazi yakitaka watu wa shahada huandika "graduates", na yakitaka watu wa kidato cha nne huandika "Form Four leavers", yaani walioondoka shuleni baada ya kidato hicho. Kijana alisikia filamu za Kimarekani, karani alisoma kwa macho ya Kiingereza cha serikalini. Wote wawili wana haki, lakini aliyepoteza ni mmoja.

Msishangae kwamba yule karani alikuwa mkali. Mwaka 2017 serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini. Tangu hapo kila anayepokea barua ya kazi ana wasiwasi, asije akaulizwa yeye. Kisha kukawa na lile suala la watumishi wa darasa la saba. Utaratibu uliokuwa umewekwa ni kwamba kuanzia tarehe 20 Mei 2004, anayeajiriwa katika utumishi wa umma awe na elimu ya kidato cha nne angalau. Katika uhakiki ule wakaguswa na watu walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo kwa elimu yao ya darasa la saba. Mwaka 2018 serikali ikatamka kuwa hao warudishwe kazini, ila si wale waliowasilisha vyeti vya kughushi. Mnaona? Aliyeandika kwa ukweli kuwa ni wa darasa la saba, akarudi. Aliyejipandisha hadi kidato ambacho hakukisoma, akabaki nje. Hapo neno moja katika jalada la mtu lilikuwa sawa na mshahara wa maisha.

Sasa turudi nyumbani, kwenye Kiswahili chetu. Maneno tunayo, tena mengi. Tatizo tunayachanganya.

Kumaliza ni kufika mwisho wa jambo. Basi. Aliyemaliza darasa la saba ni yule aliyekaa darasani mpaka siku ya mwisho. Neno hili halisemi kama alishinda mtihani au alishindwa.

Kufaulu ni kuvuka mtihani. Mtu anaweza kumaliza asifaulu. Nchi nzima iliona hivyo katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa mwaka 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa shule walikuwa wamepata sifuri. Kilio kikawa kikubwa, mpaka serikali ikayafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Watoto wale walikuwa wamemaliza, hakuna ubishi. Ugomvi ulikuwa juu ya kufaulu.

Kufuzu ni kushinda au kutimiza kiwango kilichowekwa. Timu hufuzu kuingia fainali, askari hufuzu mafunzo. Ukisema fulani amefuzu, umesema ameweza.

Kuhitimu ndilo neno lenye historia. Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufunga jambo kwa muhuri. Kutoka hapo tumepata hatima, hitimisho, na ile hitima tunayosomewa tukishakufa. Watu wa pwani walikuwa wakilitumia hata kabla ya shule za mkoloni, kwa mtoto aliyeisoma Kurani chuoni mpaka akaikamilisha. Mtoto wa namna hiyo hakuwa ameketi chuoni tu miaka ikapita. Mwalimu amemsikiliza, ameridhika, amempitisha. Kwa hiyo kuhitimu kuna mambo mawili: kufika mwisho, na kukubaliwa na mwenye mamlaka kuwa umefika. Muhuri ndio huo.

Ukilichukua neno kwa maana hiyo, utaona kioja katika mahafali zetu. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanywa Novemba. Mahafali hufanywa lini? Mara nyingi Septemba na Oktoba! Tunawavisha watoto majoho, tunawaita "wahitimu wetu", mgeni rasmi anasoma risala, ng'ombe anachinjwa, picha zinapigwa. Wiki chache baadaye wahitimu hao wanaingia kwenye chumba cha mtihani. Tumebandika muhuri kabla barua haijaandikwa. Mimi sipingi sherehe, na pilau naipenda. Lakini tukiwaita wahitimu kabla ya mtihani, tusishangae kijana akiamini kuwa kuhitimu ni kuvaa joho.

Tena siku ile mtoto hupewa na shule cheti cha kumaliza. Cheti cha Baraza la Mitihani huja baadaye, kwa aliyefaulu. Vyeti hivi viwili vina kazi mbili. Cha kwanza kinasema ulikuwepo. Cha pili kinasema uliweza. Wapo vijana wanaokwenda kuomba kazi na kile cha kwanza, wakiapa kuwa wana cheti cha fomu foo, na wakirudishwa hulia kuwa wameonewa.

Limebaki neno kuishia. Hili ni neno la masikitiko. "Ameishia la saba." Ukilisikia unajua mzungumzaji alitegemea zaidi. Na bado neno hili hubadilika na nyakati. Huko bondeni Kilombero, kama kwingineko nchini, wapo wazee wanaosema kwa fahari, "Mimi nina darasa la nane la mkoloni!" Wakati wao wengi waliishia darasa la nne, kwa hiyo mwenye la nane alikuwa mtu mkubwa, akiweza kuwa karani au mwalimu. Wenzetu wa Kenya walikuwa na darasa la nane la kwao tangu mfumo wa mwaka 1985, na mtihani wake wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023. Na sisi darasa la saba letu linaondoka. Kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Mwaka 2027 wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja. Baada ya hapo mtoto atakayemsikia babu yake akisema "mimi ni la saba" atauliza, "Babu, la saba ndiyo nini?"

Sasa nirudi stesheni Uchindile, maana kisa hakijaisha.

Nilipokuwa namweleza kijana haya, yule mama lishe alikuwa akisikiliza huku anasukuma chapati. Ni binti mdogo, hajafika hata miaka ishirini na mitano. Akacheka, akasema, "Afadhali yeye, mzee. Mimi nilimaliza fomu tuu."

Nikamwambia, "Mwanangu, fomu tuu haimalizwi. Sekondari ni miaka minne. Ilikuwaje?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akanionyesha kwa kidevu mtoto wa kiume aliyekuwa akicheza na mfuniko wa sufuria kando ya meko. Akasema, "Nilimaliza kwa ajili ya huyo."

Ndugu wasikilizaji, nimefanya kazi ya maneno kwa miaka mingi, lakini siku ile nilikiona chombo changu kwa upande mwingine. Binti yule hakumaliza. Binti yule alikatishwa. Alikuwa darasani, akapata mimba, akaondolewa, kama walivyoondolewa wengi. Ila yeye amejifunza kusema "nilimaliza", kwa sababu ni neno la staha. Halimlazimu kueleza. Halimwaibishi mbele ya wateja. Nani atamlaumu?

Lakini tazameni neno hilo linavyomfanyia. Mtu aliyemaliza hana pa kurudi. Kazi iliyokwisha imekwisha, mlango umefungwa, tena amejifungia mwenyewe. Aliyekatishwa ana madai. Ana kipande chake kilichobaki, na anaweza kukiulizia.

Nikamwuliza kama alisikia habari za Novemba 2021. Akasema alisikia kidogo, lakini alidhani haimhusu, kwa kuwa yeye "alikwisha maliza". Nikamweleza kuwa mwezi ule serikali ilitangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Na hata asiyetaka tena kuvaa sare na kuketi na wadogo zake ana njia nyingine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo kwa ajili ya watu walio nje ya mfumo wa shule. Upo Mtihani wa Maarifa, ambao ni mlango wa yule asiyepita kidato cha pili shuleni, na akiuvuka anaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti atakachopata kinatoka kwa Baraza lile lile la Mitihani.

Akaacha kusukuma chapati. Akauliza, "Kwa hiyo mzee, nikiulizwa niseme nini?"

Nikamwambia, "Sema nilisoma mpaka kidato cha pili. Usiseme nilimaliza."

Akalirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayepima kiatu. Nilisoma mpaka kidato cha pili.

Na kijana wetu? Tulikaa naye tukaiandika upya barua yake kwa Kiswahili: "Nilihitimu kidato cha nne mwaka 2018 na nina cheti cha Baraza la Mitihani, Daraja la Nne." Chini yake nikamwandikia na Kiingereza chake, iwapo atahitaji: "I completed Form Four in 2018." Maneno machache, hakuna graduate, hakuna mbwembwe. Akaenda nayo siku ile ile. Jioni, treni bado haijafika, akarudi. Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa. Aliyeipata naye ni wa kidato cha nne.

Hakukasirika. Alisema tu, "Sawa mzee, nitaitumia kwingine," akaikunja ile barua mpya mara nne kama ya kwanza, akaitia mfukoni. Mimi ndiye niliyekasirika. Nilimkasirikia yule karani ambaye angeweza kuuliza swali moja zaidi: mwanangu, ulikuwa na maana gani? Nikatukasirikia na sisi tunaofundisha, tunaompa mtoto kamusi bila kumwambia kuwa maneno yana makwao. Na nikamkasirikia yeyote aliyetuaminisha kuwa barua ya kuomba kazi ya kuhesabu vibarua katikati ya mipaina ya Uchindile, kati ya Mtanzania na Mtanzania, haina uzito mpaka iwe ya Kiingereza.

Basi, ndugu wasikilizaji, nifupishe. Ukiandika barua, andika kwa lugha unayoimudu. Ukiandika kwa Kiingereza cha kwetu, "graduate" mwachie mwenye shahada, na kama unayo shahada, sema "graduated from". Ukisema Kiswahili, tofautisha: amemaliza aliyefika mwisho, amefaulu aliyevuka mtihani, amehitimu aliyefika na akakubaliwa. Na yule aliyeachishwa njiani, tafadhali, tusimwambie amemaliza, wala yeye asijiambie hivyo.

Wazee wetu wa kisomo cha watu wazima walikuwa na wito wao: elimu haina mwisho. Tuliuimba sana mpaka tukausahau. Lakini kama ni kweli haina mwisho, basi neno kumaliza tulitumie kwa uangalifu. Tunaweza kumaliza darasa. Tunaweza kumaliza shule. Elimu, bado sijamwona aliyeimaliza.

Nilipopanda treni usiku ule, kibanda kilikuwa kimefungwa. Sijui kama yule binti amejiandikisha. Kama unanisikia, mwanangu, wakati wowote ule, unadaiwa miaka miwili tu.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.